Mkono Wangu Si Jini

Mkono wangu wa kushoto ulianza kwa kunivua nguo.

Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo cha kabati, nyumbani kwa binti yangu hapa Al Mansoura, Doha, najifunga mtandio ili nitoke sebuleni, maana mkwe wangu alikuwa amerudi kazini. Mkono wa kulia ukazungusha mtandio, ukachomeka pini. Wa kushoto ukapanda polepole kama wa mtu anayetaka kujikuna shingo, ukachomoa pini, ukavuta, mtandio ukaanguka mabegani. Nikajifunga tena, ukanifungua tena. Nikacheka peke yangu, nikasema huu ni uzembe wa uzee. Uliporudi tena sikucheka. Nilikuwa nikiutazama kwenye kioo ukija, na mimi sikuwa nimeutuma.

Sikuja Doha kutembea. Niliitwa. Binti yangu wa mwisho alikuwa na mimba, na wanawe wa kwanza wote aliwazaa nyumbani Tanga, nikamkanda mimi na kuwaosha mimi. Akasema huyu wa tatu hawezi kuoshwa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu ujana, kukanda wazazi na kuosha vichanga. Nakaa kwenye kibao, nanyoosha miguu, mtoto namlaza juu ya miundi yangu. Namwagia maji ya vuguvugu, namkanda kwa mafuta ya nazi, nampapasa kichwa kikae vizuri, pua naivuta inyooke. Shule niliishia darasa la pili, na chuo cha Qur'ani nilihitimu, basi. Lakini kila mtoto aliyepita juu ya miguu hii jina lake ninalo, na la mama yake, na jinsi alivyolia. Sitayaandika hapa. Wengine sasa wana ndevu na vyeo, hawatapenda watu wajue ni nani aliyewavuta pua.

Tumbo lilikuwa limeshashuka, binti yangu anatembea ameshika kiuno, asubuhi moja nikaangusha kikombe cha chai na mguu wa kushoto ukalegea kama si wangu. Tulikwenda hospitali sote wawili, na pale mlangoni wakaleta kiti cha magurudumu wakampa yeye. Ikabidi aeleze kwamba mgonjwa ni huyu mzee. Nikalazwa. Wakasema mshipa wa damu umeziba kichwani. Mguu ukarudi upesi, na mkono nao ukarudi na nguvu zake zote, nikamshukuru Mungu. Sikujua kwamba hapo ndipo nilipotapeliwa. Mkono uliopooza unaujua umepooza, unaubeba, unauhurumia. Wangu ulikuwa mzima kabisa, ila haukuwa upande wangu.

Baada ya ule mkasa wa mtandio binti yangu akanirudisha kwa daktari. Daktari alikuwa Mwarabu, mpole, na aliyetufasiria alikuwa muuguzi wa Kenya, binti wa bara huko, aliyekuwa akiniita shosho. Mwanzo nilidhani ananikosea adabu, kumbe kwao ndiyo bibi.

Daktari akaniambia nifumbe macho. Akaweka kitu kwenye mkono wa kulia, nikasema ufunguo kabla hajamaliza kukiweka. Akakihamishia mkono wa kushoto. Nilikisikia. Nilisikia baridi yake, nilisikia vidole vikikigeuza kwa ustadi, vikikipapasa meno. Jina halikuja. Mimi ambaye sijasahau jina la mtu tangu nimezaliwa nilikaa pale nimefumba macho nikitafuta jina la kitu nilichokishika mwenyewe, na nikalikosa. Nilipofumbua, ni ule ule ufunguo.

Daktari akaweka ngumi zake mbili pamoja, akaeleza. Ubongo una nusu mbili, na nusu ya kulia ndiyo inayoendesha mkono wa kushoto. Maneno mara nyingi yanakaa nusu ya kushoto. Katikati kuna daraja la nyuzi ambalo nusu hizi zinapitishia habari zao. Kwangu, damu ilikatika kwenye mshipa unaolilisha daraja hilo na sehemu kidogo ya mbele. Muuguzi alijaribu kunifafanulia kwa mambo ya intaneti, nikamwambia mimi intaneti siijui.

"Haya shosho, skiza," akasema. "Ni kama mzee na mama ndani ya nyumba, wamenuniana. Wanaongea kupitia kwa mtoto. Kamwambie baba yako chakula tayari. Kamwambie mama yako sina njaa. Sasa mtoto ameenda zake. Kila mtu kwa hiyo nyumba anafanya yake."

Nikaelewa hapo hapo, maana na mimi nimeishi hivyo na marehemu mume wangu.

Daktari akaendelea kwamba si mimi peke yangu. Wapo waliopata hali hii kwa uvimbe kichwani, wapo waliopasuliwa kwa ajili ya kifafa kikali na daraja likakatwa, wapo ambao ubongo wao unanyauka taratibu. Aliyeumia mbele, mkono unashika kila kinachopita na hauachii. Aliyeumia nyuma, mkono unaelea hewani wenyewe na mwenyewe anauona kama wa mtu baki. Aliyeumia darajani, mikono miwili inagombana, mmoja unavaa na mwingine unavua. Mimi nilikuwa nimeumia darajani na mbele kidogo. Nikauliza, ikiwa siuamrishi mimi, basi anauamrisha nani? Muuguzi akauliza, daktari akanitazama mimi wala si yeye, akajibu kwamba hakuna mwingine humo kichwani. Ni mimi, ila sipati habari.

Nikauliza nililolijia. Nitaweza kuosha mtoto?

Jibu lake lilikuwa refu. Nisimuoshe peke yangu. Awepo mtu karibu muda wote. Mkono wa kushoto upewe kitu cha kushika, kwa sababu ukiwa na chake hutulia, na ukishika kisichofaa niuambie kwa sauti, achia. Baada ya miezi unaweza kupoa, na unaweza usipoe sana. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni, mkono tumboni, anasikia kila neno. Kwenye lifti ya nyumbani akaniambia, "Mama, tutamuosha pamoja. Mtu mwingine simpi." Sikumwomba. Aliahidi mwenyewe.

Mtoto akazaliwa, wa kike, sauti kubwa. Tulianza vizuri. Mkono wa kushoto niliushikisha khanga iliyoviringwa, binti yangu anakaa kitandani karibu yangu, na mkono wa kulia unafanya kazi ya mikono miwili. Nilichukua muda mrefu kuliko zamani lakini mtoto alikuwa akitoka pale anang'aa, analala. Hata mkwe wangu, mtu wa maneno machache, dereva anayetoka alfajiri na kurudi kachoka, alisema kwa mbali kwamba mtoto anapendeza. Nikajiona mtu.

Siku moja simu iliita sebuleni. Binti yangu akanyanyuka, akasema nakuja sasa hivi. Sikuona ubaya. Nilikuwa namwagia mtoto maji mgongoni, nikasikia khanga imeanguka kwenye sakafu, na kabla sijageuza macho mkono ulikuwa umeshamshika mtoto kifundo cha mguu. Haukumvuta. Haukumpinda. Ulimshika tu, kwa nguvu ile ya kushika chuma cha kupandia basi. Mtoto akalia. Nikasema achia. Nikasema tena achia. Nikaukamata kwa mkono wa kulia, na hapo mtoto akabaki juu ya miguu yangu bila mkono wa kumzuia, nikauacha haraka nikamzuia mtoto. Ndivyo binti yangu alivyotukuta. Alibandua vidole vyangu kimoja kimoja. Pale kwenye mguu palikuwa na alama nyekundu, na kufikia adhuhuri ilikuwa imepotea. Niliiangalia mpaka ikapotea.

Nilimngoja anilaumu. Hakunilaumu. Aliniambia nipumzike.

Kesho yake asubuhi nikasikia mlango unagongwa, akaingia jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke wa Mombasa anayefanya kazi za ndani kwa familia moja huko Al Rayyan na kurudi kwake kwa zamu. Mikono ya kanzu kaikunja, chupa ya mafuta kwapani. Akanisalimu shikamoo kwa heshima zote, akanambia, "Bintiyo kanambia wewe mwenyewe umechoka, wataka nikupokee kazi. Nami sikutaka kukuvunja, bibi."

Nilisema marahaba. Ningesema nini? Nikaenda chumbani nikakaa kitandani, nasikiliza maji yakimwagwa upande wa pili wa ukuta. Alikuwa anamwaga kwa haraka mno.

Zikaja siku za kikombe. Kila asubuhi nililetewa maji ya manjano yenye harufu ya marashi, binti yangu akisema ni dawa ya kutuliza mishipa. Mimi nimenyweshwa kombe tangu sijang'oka meno ya utoto. Maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwenye sahani sitayachanganya na dawa ya duka. Nikayanywa, maana maneno ya Mungu hayakataliwi. Kisha mkwe wangu akaanza kuniwekea kisomo kwenye simu, anaiacha mlangoni pa chumba changu na mlango anaurudisha. Qur'ani naipenda, wallahi, lakini nilipozisikiliza aya zilivyopangwa nikajua ni zile wanazosomewa watu wenye mashetani. Nyumba nzima ilikuwa imeshakaa ikanizungumza, na mimi sikuitwa kwenye kikao.

Nikamfuata binti yangu chumbani kwake, ananyonyesha.

"Umewaambia nina jini?"

"Mama, ningewaambia nini?"

"Ulichoambiwa. Ulikuwepo."

Akamhamisha mtoto ziwa la pili kabla hajajibu. "Nikiwaambia ubongo, mama, watasema mama yangu ni mwendawazimu. Jini watu wanalielewa. Mwenye jini halaumiwi."

Siwezi kusema ni uongo. Kwetu mtu mwenye jini ana mahali pake. Nimekaa kwenye ngoma nyingi za kupunga majini, najua taratibu. Jini anaulizwa jina, ametoka wapi, anataka nini. Anataja jina. Anataka kitambaa chekundu, au pete, au kuku mweupe, anapewa, anatulia, na mwenyewe anaamka kesho anaombwa radhi kwa usumbufu. Mimi hata majina ya majini ya jirani zangu ninayakumbuka. Lakini mkono wangu nani aliuuliza jina? Na ungeulizwa ungesema nini? Haukutaka kuku. Haukutoka Uarabuni wala baharini. Ulikuwa umetoka begani kwangu. Na aliyenipa jini hilo ndiye aliyekaa pembeni ya daktari, mkono tumboni, akisikia kila neno. Angelisema mtu mwingine ningesema hajui.

Arobaini ikafika, wakaifanya siku ya Ijumaa ili watu wa mahoteli na wa majumbani wapate nafasi. Sebule yetu si kubwa. Makochi yakasogezwa, busati likatandikwa, kiyoyozi kikawa kinapigana na wanawake na pilau. Walikuja wa Tanga, wa Unguja, wawili watatu wa Mombasa, na yule jirani ndiye aliyekuwa mkuu wa shughuli, maana yeye ndiye mkandaji sasa. Nilivaa vizuri. Niliona wanavyonipisha, kwa upole mno, kama watu wanaopisha sufuria ya moto. Nikajua wote wameshaambiwa.

Nikakaa kwenye sinia na wanne wengine. Mkono wa kushoto nikaukalia kabisa, kama kuku anayeatamia.

Jirani akanitania, "Bibi, mbona umekaa upande kama kabati lililokatika mguu?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza kwa siku nyingi, na pengine ndicho kilichoniponza, kwa sababu niliinama kuchukua kipande cha nyama huku bado nacheka, nikainuka kidogo kwenye busati, na mkono ukatoka. Niliuona. Ulipita mbele ya kifua changu bila haraka, ukaingia kwenye sinia, mbele kabisa ya mgeni, ukafumbata pilau. Ukaminya. Wali ukawa unatoka katikati ya vidole.

Mkono huo ndio ninaochambia. Kila aliyekaa pale alilijua hilo, maana ndivyo tulivyofundishwa sote kabla ya kufundishwa kusema.

Hakuna aliyeguna. Ingekuwa nafuu wangeguna. Mmoja akasema alhamdulillahi, ameshiba, na alikuwa hajala tonge tatu. Mwingine akajifuta vidole. Nikasema achia, taratibu, mara ya kwanza mbele za watu, na sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mwendawazimu kweli. Binti yangu alikuwa amesimama na jagi la juisi.

"Mtuwie radhi," akasema. "Si yeye. Ni jini lake."

Wote wakatikisa vichwa, kwa huruma. Mmoja akaanza kusoma chini kwa chini. Wakawa wanautazama mkono na wanausamehe, na mimi mwenye mkono hakuna aliyekuwa ananitazama tena. Nilikuwa nimekaa pale pale na nimeshaondolewa.

"Msisome," nikasema. "Sina jini. Mshipa uliziba kichwani mwangu, mkono umekosa wa kuusemesha. Daktari alisema, na binti yangu alikuwepo, akasikia, akaniahidi. Mkono ni wangu na aibu ni yangu. Msinivue hata hiyo."

Mtoto akalia kule ndani. Jirani wa Mombasa akalivuta lile sinia kwake, akaliinua, akasema wazi kwamba liletwe jingine, bibi ana njaa na yeye pia ana njaa. Likaletwa. Wawili wakarudi kula. Wawili hawakurudi, na majina yao ninayo.

Walipoondoka nilimkuta binti yangu jikoni anasugua sinia lile lililokwisha kuoshwa. Sikuanza mimi.

"Umeniaibisha, mama. Umenifanya mwongo mbele ya watu."

Nikamuuliza ni nani aliyemfanya mwongo. Akaendelea kusugua. Nikamwambia kwamba mkono wangu ulinigeuka bila kujua unachofanya, yeye alinigeuka akijua. Nilitaka limuume, na nililiona likimuuma. Akaliweka sinia chini.

"Nilipoona vile vidole kwenye mguu wa mtoto," akasema, "sikukuona wewe, mama. Niliona mtu mwingine. Wallahi nilimwona. Sasa niwaambie watu nini? Kwamba ni mama yangu?"

Mtu huyo hata mimi nilikuwa nimemwona kwenye kioo cha kabati.

Asubuhi yake jirani hakuja, kazi yake ilikuwa imekwisha na arobaini. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimeshakunja nguo zangu nyingi na kuziweka kwenye begi, nikijiambia kwamba nitakachokiomba sasa ni tiketi tu. Mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Binti yangu aliingia na beseni, akatoka, akarudi na mtoto begani na kibao mkononi. Hakuniomba radhi. Aliweka kibao chini, akaniangalia.

"Mimi siwezi kumlaza vile unavyomlaza," akasema. "Nimejaribu, anateleza."

Nikamwambia kuna wenye mikono mizima, akawatafute. Akasema anajua wapo. Alibaki amesimama pale, mtoto ameshaanza kulalamika. Ilibidi nishuke, kwa sababu ya mtoto. Nikakaa kwenye kibao, nikanyoosha miguu. Akamlaza mtoto juu ya miguu, naye akaketi sakafuni kushotoni kwangu, akaunyoosha mkono wake wa kushoto akauweka kwenye wangu. Ukaukamata papo hapo. Nikaona uso wake umekunjamana, maana nguvu zile nazijua, lakini hakuutoa.

Tukamuosha kwa mikono miwili ya kulia. Wake unamwaga, wangu unapapasa. Mwanzo tuligongana, akamwaga maji nikiwa namsugua masikio, nikamfokea angoje. Akangoja. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyomwacha, makwapa yamejaa, na shingoni jirani alikuwa hajapasafisha vizuri. Nilimkanda mgongo. Nilimvuta pua. Akapiga chafya, akalala huku maji bado yanamtiririka.

Tulipomaliza binti yangu akamtupia khanga mtoto kwa mkono mmoja, akataka kunyanyuka. Mkono wangu haukumwachia. Nikauambia achia, kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Nikarudia. Ulizidi kukaza. Nilikuwa bado nina hasira naye, hasira ya kweli, na sikutaka kumshika. Akaketi tena sakafuni, mtoto analowesha khanga, akawa ananitazama usoni kwa muda mrefu, anatafuta kujua ni nani aliyemshika, mimi au mkono.